Mbuzi ya Nyanya na Simu ya Gudauni

Wapo watu waliotishwa na fisi wakaishi kusimulia. Mimi ujanani nilitishwa na neno la Kiingereza la herufi mbili, na wallahi fisi ana huruma. Neno lenyewe ni "at". Fisi ukimpigia debe hukimbia. "At" ukiipigia debe inabaki pale pale inakutazama, ukipepesa macho imekuwa "in", ukipepesa tena imekuwa "on". Nilikonda mpaka nyanya yangu akaanza kunichemshia mizizi, akidhani nina safura. Sikuwa na safura. Nilikuwa na Kiingereza.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Kilindini ilijaa meli hata ungeweza kutoka kisiwani ukafika Likoni kwa kurukaruka juu ya meli bila kulowa unyayo. Shehena ikawashinda huko, ikamwagika ikaja kwetu Changamwe, na kwetu Changamwe ikaanguka juu ya bega langu. Nilikuwa hamali katika gudauni moja kubwa kando ya reli. Nilibeba magunia ya mchele, magunia ya sukari, magunia ambayo hata hayakuandikwa yana nini. Bega langu la kulia lilikuwa limeshuka chini ya lenzake, na Ijumaa nikivaa kanzu ilining'inia upande kama pazia lililong'oka msumari. Imamu mwenyewe alinisogelea siku moja akaninyoosha safuni, akidhani nimesimama vibaya.

Jioni, baada ya kuswali magharibi, nilikwenda skuli. Skuli ni neno la heshima. Lilikuwa banda la kukaushia mbata, mwenyewe alituazima kwa sharti kwamba tusile mbata zake, nasi tulilitimiza sharti hilo kila siku ambayo hatukuwa na njaa. Ndani mlikuwa na ubao, karabai moja iliyovuma kama nyuki, na harufu ya nazi ambayo hata leo nikiisikia nahisi nataka kunyanyua mkono nijibu swali. Mwalimu wetu alitoka upande wa Rabai, Mkristo mwembamba, mpole, mwenye koti moja na subira elfu. Wanafunzi tulikuwa wazima wenye ndevu: mshona nguo mmoja mwenye adabu nyingi, mahamali kadhaa, na rafiki yangu mkubwa, bwana mnene aliyekuwa mpishi kabla hajawa hamali. Yeye na mimi tulibeba gunia moja kichwa hiki na kichwa kile, tukaketi benchi moja, na makosa yetu yalikuwa ya ukoo mmoja.

Jioni moja Mwalimu alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Kofia iko wapi?"

"Mezani!" tukaitika kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Haya, kwa Kiingereza."

Mpishi akasimama. "The hat is in the table."

Mwalimu akaitazama meza juu, akaitazama chini. "Basi nileteeni shoka tuipasue, tuitoe kofia yangu. Nitakwendaje nyumbani kichwa wazi?"

Tulicheka mpaka karabai ikayumba. Mshona nguo akataka kumwokoa mwenzake, akasema kwa Kiingereza kwamba mkewe yuko "on the kitchen".

"Mwambie ashuke," Mwalimu akasema, "paa la makuti halimchukui."

Ikafika zamu yangu. Nikajieleza kwa ushujaa kwamba mimi kila siku hulala "at the bed".

"Unakilinda kisiibwe?"

Shida yetu, msomaji, ulikuwa ule ukarimu wa lugha yetu. Sisi tuna silabi moja tu, "ni", unaibandika mwishoni mwa kitu na kazi imekwisha. Mezani, kitandani, sokoni, kisimani, Mungu akipenda hata peponi. Kitu kikiwa juu yake, ndani yake, kando yake, kinakwenda au kinatoka, ni ile ile "ni" inabeba, haigombi, haichoki, hamali kuliko mimi. Waingereza wao waliichukua "ni" ile wakaikatakata vipande, kila kipande wakakipa kazi yake, na kipande kimoja hakikubali kumshikia mwenzake zamu hata akiwa mgonjwa.

Nikaona nijikomboe. Nikanyanyua mkono nikatoa sentensi niliyoitunga tangu asubuhi chini ya gunia: "The cat is in the under of the bed."

Mwalimu aliketi. Alicheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka, akafuta macho kwa ile kofia.

"Mwalimu," nikasema, "nimekosea wapi? Paka yumo mvunguni. Yumo ni 'in', mvungu ni 'the under'."

"Kiingereza hakina mvungu, bwana."

"Waingereza hawana mvungu?"

"Vitanda wanavyo. Pale chini yake hawakupaita jina. Wanasema 'under the bed' basi."

Mpishi akashika kiuno. "Basi maskini wakipoteza viatu huvitafuta wapi?"

Jioni hiyo hiyo tulipigwa pigo la pili. Mwalimu alimgeukia mshona nguo akamuuliza kwa Kiingereza, hukula leo? Mshona nguo, ambaye kweli alikuwa na njaa, akajibu "Yes."

"Umekula nini?"

"Sikula kitu, Mwalimu."

"Mbona umesema yes?"

"Si umeniuliza kama sikula? Nami nikakukubalia. Ndiyo, sikula."

Hapo Mwalimu aliweka chaki chini, akatuambia jambo lililotukosesha usingizi kuliko mbu wa Port Reitz. Kwetu sisi, alisema, "ndiyo" humjibu mtu: amesema kweli, unamwitikia. Kwao, yes na no hazimjui mtu, zinalijua tendo tu. Tendo limetendeka, yes. Halikutendeka, no. Aliyeuliza awe ameuliza kwa kukubali au kwa kukanusha, hayo yake.

"Hata akiuliza mtu mzima?" mshona nguo akauliza.

"Hata akiuliza mfalme."

"Nimwambie mfalme 'no' usoni, naye amesema kweli?"

"Ndivyo."

Mshona nguo akatikisa kichwa. "Huo ni ukaidi, Mwalimu. Mama yangu hakunizaa hivyo."

Sasa nieleze habari ya simu. Katika gudauni yetu palikuwa na simu ya ukutani, sanduku jeusi lenye mkono wa kuzungusha na kengele iliyoweza kuamsha maiti. Karani wa Kilindini, Mzungu ambaye hatukuwahi kumwona ila tulimjua kwa hasira yake, alipiga kutwa kuuliza mzigo gani uko wapi. Aliyempokea alikuwa kijana mmoja wa kwetu, safi, nywele amezigawa kwa kitana, ila alikuwa na ugonjwa wetu sote wa pwani: akiulizwa kitu kiko wapi, alionyesha kwa midomo. Unajua tunavyofanya. Mikono imeshika vitu, kwa nini uisumbue? Unabenua midomo upande wa kitu, mwenzako anaelewa mpaka kipimo. Basi yeye aliulizwa marobota ya nguo yako wapi, akaitazama simu, akaibenulia midomo kuelekea mlangoni, akasema "There." Kilindini wakauliza, there where? Akabenua zaidi. Mwisho wa siku alikuwa na midomo ya perege.

Siku moja aliulizwa sukari ilipo, naye akasema iko "in" behewa, kumbe ilikuwa nje kando ya behewa, juu ya ardhi tupu. Kilindini wakatuma watu wafungue behewa, wakakuta buibui. Wakati wanagombana na buibui, mvua ikanyesha. Sukari ile iliyeyuka ikatiririka njia nzima, na sisimizi waliokuja kuilamba walitoka Mariakani kwa makundi, wamebeba na wagonjwa wao. Kijana yule akaona heri vita, akajiandikisha jeshini. Tulimwombea dua adui asije akamuuliza kitu kiko wapi.

Msimamizi wetu, Mzungu mwekundu aliyekuwa akitoa moshi hata bila sigara, alitukusanya siku ya Alhamisi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchovya: "Jumatatu mimi nataka mtu ya simu. Mtu anaweza sema kitu iko wapi. Yeye atajaribiwa. Akishindwa, yeye rudi gunia."

Wenzetu wote waliitazama simu kama joka. Waliojitokeza tulikuwa wawili: mpishi na mimi. Na hapa nataka ujue nilichokuwa nakitaka, nisikufiche. Nilitaka bega langu. Nilitaka Ijumaa kanzu yangu ianguke sawa pande zote. Mtu wa simu huketi kwenye kiti, hutoka kazini na mgongo ule ule aliokuja nao. Nikishindwa Jumatatu, gunia lilikuwa linaningoja mlangoni, na lingeningoja mpaka nizikwe nalo. Tena, kwa kuwa mdomo wangu hutangulia miguu, jioni ile ile nilikwisha waambia watu wa kahawa, mwenye nyumba, na wauza samaki wawili kwamba kazi nimeipata.

Ijumaa nilijifunza. Nilitembea nikiita kila nilichokiona. Mbuzi kichakani: in? Kunguru mnazini: on? at? Mzee mmoja msikitini akanisikia nikinong'ona "at the, in the, on the" akaniwekea mkono kichwani akanisomea. Usiku nilijijaribu mwenyewe maswali kumi nikakosa kumi na moja.

Jumamosi asubuhi nyanya alikuwa uani anataka kukuna nazi. Nyanya yangu alikuwa wa Kimvita cha zamani, anasema "mato" kwa macho na "ndoo" kwa njoo, na hakukubali kwamba kuna Kiswahili kingine. Akaniita.

"Labeka, nyanya!"

"Mbuzi yangu ya kukunia i wapi?"

Nilikuwa nimelala chali barazani napigana na "at". Nikamjibu kivivu, "Iko jikoni."

Nikaona kivuli kimenifunika. Nyanya, na nazi mkononi.

"Iko?"

"Iko, nyanya."

"Wewe mwana, mimi nakuuliza mbuzi, wanijibu kama karani wa serikali. Iko, iko! Mwenye kusema iko hajui. Asema iko huko, Mungu ndiye ajuaye. Ipo jikoni, ama imo jikoni?"

"Si mamoja, nyanya?"

Akaniangalia kwa huruma kama mtu anayemwangalia mjukuu aliyezaliwa bila kichwa. "Mamoja? Ikiwa ipo, naiona nikiwa hapa, i pale juu ya kinu. Ikiwa imo, imefunikwa ndani ya kitu, nitafute ndani. Ikiwa iko," akanibenulia midomo, "basi wewe hujui lolote, inuka ukaitafute."

Nikainuka. Niliinuka kama niliyechomwa na mwiba. Po! Ko! Mo! Kitu kinachoonekana mahali pake, po. Kilichomo ndani, mo. Na ko ya asiyejua! Nyanya yangu, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza ila jina la dawa ya minyoo, alikuwa amenipa kisu cha kuikatia ile "ni". Kumbe hatukukosa vipande, vipande tulikuwa navyo tangu tumboni mwa mama zetu. Uvivu tu ulitufanya tuseme iko, iko. Mo ni "in". Po ni "on" au "at": ukiwa umekaa juu ya kitu, "on", ukiwa umefika tu mahali, "at". Niliimba, nikacheza, nikamwinua nyanya pamoja na nazi yake.

"Niteremshe, mwehu wewe! Mbuzi i wapi?"

"Imo, nyanya! Imo kapuni! In the basket!"

"Nani?"

Jioni nilikimbia skuli, nikafika kabla ya karabai kuwashwa. Nikamwelezea Mwalimu na darasa zima. Mpishi akapiga meza. Mshona nguo akajaribu: mke wangu yumo jikoni, in the kitchen! Kofia ipo mezani, on the table! Nimefika nipo sokoni, at the market! Banda lilirindima, mbata zenyewe, naapa, ziligeuka upande wa pili.

Mwalimu alifurahi. Mwalimu akifurahi alikunjua kola ya koti. Lakini akanishika bega, lile bovu.

"Umepata, bwana. Umepata kweli. Lakini po na mo zitakufikisha karibu na mlango, si ndani. Abiria yumo garimoshini, nao Waingereza husema 'on the train'. Chombo ambacho abiria aweza kusimama ndani yake akatembea, wao husema 'on'. Na mvunguni, unakumbuka?"

"Mvunguni nakumbuka, Mwalimu. Hawana mvungu, maskini."

"Na yes na no?"

"Tendo, si mtu."

"Ukichanganyikiwa," akasema, "usiishie kwenye yes. Maliza sentensi nzima. Sentensi nzima haina wa kuidhulumu."

Jumatatu gudauni nzima ilisimama kazi. Msimamizi hakutukataza, nadhani naye alitaka kuona. Alitufundisha mapema kila kitu kilipo, kisha akazungusha mkono wa simu akamwita yule karani wa Kilindini, akamwambia aulize.

Mpishi akatangulia. Alishika chombo kwa mikono miwili kama chungu cha moto. Akaulizwa mchele. "In the shed!" akasema, sawa kabisa, tukapiga makofi. Akaulizwa makasha ya vigae. Vigae vilikuwa nje, nyuma ya choo, mahali ambapo hata Kiswahili kinapata taabu. Nikamwona anatoka jasho. Nikaona midomo yake inaanza kujikusanya. Nikaomba, Mola wangu, isitoke. Ikatoka. Aliibenua midomo kuelekea chooni kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa chombo kilikuwa pale pale, akakibusu mwaa! mpaka Kilindini.

Ikasikika sauti ndogo kutoka ndani ya simu ikiuliza kwa ukali, kilikuwa nini hicho?

Msimamizi akamnyang'anya. Mpishi akanipita akijifuta midomo. "Yakhe," akaninong'oneza, "mimi imenishinda. Nenda, lakini ukae nayo mbali kidogo."

Nikashika. Nilikuwa natetemeka hata bega langu bovu likapanda likalingana na zima.

"Where is the tea?" sauti ikasema.

Chai. Imo gudauni, naiona akilini, imefunikwa. Mo. "The tea is in the shed, sir."

"The cement?"

Ipo, juu ya sakafu ya kupakulia, wazi, ya kukaliwa na kunguru. Po, tena juu. "On the platform, sir."

"The wagon for Voi?"

Behewa limefika tu, lipo pale kwenye ghala la pili. Ile "at", fisi wangu! Nikaikamata kwa mkia. "At the second store, sir."

Nyuma yangu nikasikia mahamali wanahesabu pumzi zangu. Msimamizi alikuwa ametoa sigara mdomoni. Sauti ikauliza swali ambalo halikuwa katika mafunzo.

"And where's the lorry driver? He was due here an hour ago."

Nikageuka. Dereva wa lori, mtu wa Kisauni, bingwa wa usingizi Mombasa na vitongoji vyake, alikuwa amelala chini ya lori lake, ametandika mkeka, amelalia viatu. Alikuwemo mvunguni. Mvunguni mwa lori! Ulimi wangu ukaanza "he is in the un—" nikaung'ata. Hawana mvungu, maskini. "Under the lorry, sir!" nikasema kwa ushindi.

Kule Kilindini kitu kikaanguka. Kwa mshindo wake, kiti. "Under the lorry? Good heavens! He isn't hurt?"

Hajaumia? Swali la adabu, kanusho ndani yake. Karani anasema kweli, hajaumia, alhamdulillahi. Malezi yangu yote, nyanya, chuo, msikiti, yakanisukuma kwa pamoja.

"Yes, sir," nikasema.

Wacha wee. Sauti ikapaa. Nikasikia anamwita mtu, nikasikia neno hospitali, nikasikia gari la wagonjwa, nikasikia naambiwa mtu asimguse wala asimsogeze. Msimamizi akaniuliza, "Wewe sema nini?" akiwa amegeuka rangi tatu. Nikaliona gunia langu mlangoni. Naapa lilininyooshea mikono.

Tendo, si mtu! Nikakipigia kelele kile chombo, nikaimaliza sentensi nzima, na nikishaanza, nani wa kunizuia?

"No, sir! No! He is asleep! He is sleeping under the lorry, on a mat, in the shade, with his head on his shoes, at work!"

Hata kunguru kwenye saruji walinyamaza. Kisha ile sauti ikauliza polepole, kwa mtego ule ule, nao hakuutega kusudi, ndivyo walivyozaliwa:

"So he isn't hurt at all?"

Mtu mzima amesema kweli, na mimi nimkanushie usoni. Nikawaza: mshona nguo nisamehe, nyanya nisamehe. Nikavuta pumzi.

"No, sir," nikasema.

Na yule Mzungu, ambaye kwa miaka hatukumsikia ila akifoka, alicheka. Alicheka "at work! at work!" mpaka simu ikachafuka sauti. Msimamizi akachukua chombo, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia: "Yeye nasema wewe baki on the telephone."

On? Wallahi niliitazama ile simu ukutani, nikaangalia pa kushika nipande. Msimamizi akanivutia kiti. Ndipo nilipoelewa, na mahamali wakaelewa, wakanibeba mimi juu juu kama gunia la mwisho.

Kelele zile zilimwamsha dereva. Akatoka mvunguni, mkeka umemchora shavuni.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Wewe," mpishi akamwambia.

Aliposimuliwa alinijia kidole juu. "Umenichongea kwa Kiingereza! Ungenichongea kwa Kiswahili ningejitetea!" Lakini siku nzima watu walikuja kumtazama mtu aliyekufa kwa Kiingereza akafufuka kwa Kiingereza, na ilipofika alasiri alikuwa anawasimulia mwenyewe, na lori limempanda mara mbili. Mpishi naye alirudi kwenye upishi wake baadaye; alisema sufuria hazimuulizi mtu kitu kiko wapi. Mpaka leo tukikutana hunibusia mwaa! kwa mbali.

Nilipofika nyumbani nyanya alikuwa uani anakuna nazi, amekalia mbuzi, mgongo kwangu. Nadhani habari ilikuwa imekwisha mfikia, maana wauza samaki walinitangulia, lakini hakugeuka.

"Wewe mwana. Hiyo kazi iko?"

"Haiko, nyanya."

Mkono ukasita kwenye nazi. "Ipo?"

"Ni zaidi ya ipo."

Akageuka sasa, na macho yale ya Kimvita yakanipima kutoka kofia mpaka viatu, yakarudi kwenye bega langu. "Ama..."

"Nimo, nyanya," nikamwambia. "Nimo!"

Nyanya alitupa nazi akapiga kigelegele, na kigelegele kile, msomaji, ng'ombe wa Miritini walisimama wakakisikiliza mpaka mwisho.